Nyapara wa Vitanda vya Matope

Alizaliwa wapi sijui, na habari za wazazi wake sikuwahi kuuliza. Watu wakiandika juu ya mtu huanza hapo. Mimi nilimkuta akiwa mtu mzima, suruali fupi ya kaki imepigwa pasi, amesimama kando ya uchafu wa mji mzima wa Thika kama mtu anayengoja chai ichemke. Basi nitaanzia hapo. Jina lake nalijua, lakini sote tulimwita Nyapara, na hata mkewe alimwita hivyo mbele yetu. Nitamwacha na jina hilo.

Mimi shule niliacha darasa la pili. Nyumba yangu ya mawe, ng'ombe wangu na lori zangu mbili za mbolea nimezitafuta kwa mikono hii, na wanangu wamechoka kusikia nikisema hivyo. Mimi pia nimechoka kusema. Ndiyo maana naandika habari za Nyapara, kwa sababu kila nikisimulia jinsi nilivyojitengeneza mwenyewe, yeye huwa namruka.

Watu wa siku hizi hudhani maji ya choo yakishuka mambo yamekwisha. Miaka ile ya hamsini nyumba zenye choo cha kuvuta hazikuwa nyingi: za Wazungu, hospitali, maduka ya Wahindi, viwanda vichache. Yote yalishuka kwa bomba mpaka bondeni karibu na mto. Huko maji yalitulia kwenye matangi, yakaenda zake yakiwa mepesi, na kile kizito kikabaki chini. Hicho kizito ndicho kilikuwa kazi yetu. Tulikifungulia kikamiminika kwenye vitanda, yaani viwanja virefu vilivyozungushiwa matofali, chini kokoto na juu mchanga, ili maji yachujike na jua limalize kazi iliyobaki.

Mutua, Mkamba mmoja tuliyefanya naye kazi, mtu wa mzaha, ndiye aliyevipa vitu majina. Matope yakimwagwa leo ni uji. Wiki ya pili ni ugali. Yakipasukapasuka juu mpaka unaweza kuyakata kwa beleshi, huo ni mkate. "Leo tunapakua mkate," alizoea kusema asubuhi kwa sauti, na mtu aliyepita barabarani asiyetujua alidhani tumeajiriwa kuoka.

Kwa watu wengi mkate ulikuwa mwisho wa safari. Umekauka, unabebeka, haunuki sana, upakie kwenye lori uende kwenye mashamba ya kahawa. Kwa Nyapara huo ulikuwa mwanzo. Alituamuru tuubebe kwa wilbaro mpaka upande wa juu, tuupange lundo, na lundo hilo likae mvua ndefu, ile ya njahi, na mvua fupi, ile ya mwere. Zote mbili. Kila lundo alilichomekea kigingi chenye alama alizochonga kwa kisu, na hakuna mtu mwingine aliyejua kuzisoma. Sikumwona hata siku moja akiandika chochote kwenye karatasi. Kalamu alikuwa nayo mfukoni, lakini nadhani ilikuwa ya heshima tu.

Akitaka kujua kama lundo liko tayari, alichimba kwa mkono mpaka ndani, akatoa punje kidogo, akaisaga kati ya vidole viwili, akainusa amefumba macho. Kisha alisema neno moja kati ya mawili. "Hii bado inakumbuka." Au, "Hii imesahau." Kumbe ilikuwa kweli. Iliyosahau ilinuka kama udongo wa msituni baada ya manyunyu. Ile nyingine, hata ikiwa kavu kama tofali, ukiivunja katikati unaijua ilikotoka.

Alama yake nyingine ilikuwa nyanya. Hili watu hawaniamini nikilisema. Mbegu ya nyanya hupita tumboni mwa mtu, ikapita bombani, ikalala ndani ya tangi na kitandani juani, na bado ikinyeshewa inaota. Malundo yetu yalikuwa yakijaa miche ya nyanya ambayo hakuna mtu aliyepanda, majani meusi kwa unono kuliko ya shamba la mzungu yeyote. Nyapara alizitazama kama wengine wanavyotazama mawingu. Lundo linalozaa nyanya nyingi bado lina nguvu mbaya. Zikishang'olewa, na zile zinazofuata zikaota chache na nyembamba, alianza kulikaribia kwa kunusa. Kabla hazijaiva aling'oa zote mwenyewe na kuzifukia. Kula hata moja ilikuwa kosa la kufukuzwa kazi.

Mutua alimjaribu siku moja. Akamwambia, "Mzee, hizi si Mungu ameziotesha bure? Sisi tunakula ugali mkavu, na mboga iko hapa inatucheka."

"Mungu ana shamba lingine," Nyapara akasema. "Hili ni la Wathika."

Usafi wake ulikuwa wa kuudhi. Saa ya kula alisimama bombani akitukagua kucha mmoja mmoja, watu wazima wenye watoto, na ambaye hakuridhika naye alirudi kunawa na sabuni ya kipande na jivu, mara ya pili, mara ya tatu. Mkono wake hakumpa mtu. Ukimsalimia alikupa kiwiko, na ilibidi nawe umpe kiwiko, mkagongana kama madume mawili ya mbuzi. Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, ingawa hakuna aliyemwambia akae huko, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia asogee mbele.

Lakini huyo huyo aliyetukataza kuinua mkono kuelekea usoni tukiwa kazini alivuta ugoro mchana kutwa. Aliumwaga juu ya kifundo cha mkono na kuunusia hapo. Mutua akamuuliza sheria iko wapi. Akajibu kwamba sheria inasema mdomo, haisemi pua. Na mbele ya Bwana Afya, yule mzungu aliyekuwa mkubwa wetu, alivua kofia na kuinama mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Halafu baada ya kuinama, kofia ikiwa bado mkononi, alimwambia mzungu kwamba lile lundo analotaka lipakiwe leo halitapakiwa. Na halikupakiwa. Mimi sikuelewa vipi mtu anaweza kuinama na kukataa kwa pumzi moja. Nilidhani mwanaume ni yule asiyeinama.

Pale maji yalipoingilia palikuwa na wavu wa vyuma uliozuia vitu vikubwa, na kuusafisha ilikuwa kazi ambayo hakumpa mtu mwingine. Alikuwa na debe lenye vifungo, visu, shanga, vijiko. Siku moja akapata meno ya bandia, ya juu, mazima. Aliyachemsha, akayafunga kwenye kitambaa safi, akaenda nayo kwa fundi wa cherehani mmoja mjini ambaye kwa siku mbili alikuwa akizungumza huku amefunika mdomo. Fundi alikana katakata kwamba ni yake. Nyapara akayaweka mezani na kuondoka bila kubishana. Jumapili yule fundi akaimba kanisani kwa sauti kubwa kuliko wote. Tulicheka wiki nzima. Nyapara hakucheka. Alisema kilichopotea si aibu, aibu ni kukitupa ukijua kina mwenyewe.

Sasa nije kwa yangu.

Ile ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikipigana na wapiganaji wa msituni. Mke wangu na mtoto wetu Wambui, aliyekuwa na miaka miwili, walihamishwa pamoja na watu wengine wakawekwa kwenye kijiji kipya upande wa Kiganjo, nyumba zimebanana, handaki limezunguka, na kutoka kwenda shambani au mtoni ni kwa saa zilizopangwa. Nyuma ya kila nyumba kulikuwa na kipande cha ardhi. Chetu kilikuwa murram tupu, changarawe nyekundu, kwa sababu udongo wa juu ulikwanguliwa wakati wa kujenga. Mke wangu alipanda maharagwe yakatoka manjano. Akapanda tena. Mtoto alikuwa na shingo nyembamba, na tumbo kubwa lisilo la kushiba.

Nilimweleza Nyapara. Akaniambia nimpe mpaka mwere iishe, na atanipa magunia mawili ya lundo lililosahau, hata matatu. Hiyo ilikuwa miezi tisa. Nikamwambia mtoto hawezi kula baada ya miezi tisa, anakula leo. Akasema anajua. Akatazama vile vitanda muda mrefu, kisha akarudia neno lile lile, mpaka mwere iishe.

Mimi nilikuwa kijana mwenye nguvu na nilidhani mambo yale ya kunusa na kufumba macho ni ya wazee kujipa ukubwa. Kilichokauka kimekauka. Siku mbili kabla ya mvua ndefu kuanza, wenzangu wakiwa wanakula, nilikata mkate kwenye kitanda cha mwisho, wa wiki tatu, mgumu kabisa juu, nikajaza magunia mawili na kuyafunga kwenye baiskeli ya Mutua. Kwenye lango askari akaniuliza. Nikamwambia Nyapara ameniruhusu. Akanifungulia, maana jina la Nyapara pale lilikuwa kama ufunguo.

Shamba lile likashika. Maharagwe yakawa ya kijani mpaka majirani wakaja kutazama. Na katikati ya maharagwe zikatoka nyanya. Mke wangu hakuwa amepanda nyanya. Alinionyesha kwa furaha, akasema, "Baba Wambui, ona, Mungu ametukumbuka." Nilijua zilikotoka. Nilijua vizuri sana. Nikatazama mtoto anavyozitazama, nikasema ziacheni ziive.

Ziliiva. Nyingine zilianguka chini, na watoto wa nyumba zile waliziokota wakafuta vumbi kwenye nguo na kula. Wambui alikula nyingi kuliko wote kwa kuwa zilikuwa zake.

Ndani ya wiki tatu watoto watano wa mstari wetu wa nyumba walilala na homa ya matumbo. Wanne kati yao walianza kupata nafuu. Wambui hakupata. Alikuwa hospitali ya mji, macho yamezama, hawezi kunyanyua kichwa. Muuguzi alimwambia mke wangu asiondoke pale hata kidogo, na kila siku nilikwenda na uji baada ya kazi, kwa ruhusa niliyopewa kwa sababu nina kazi mjini na nina pasi. Nataka hilo lieleweke. Bila kazi hakuna pasi. Bila pasi mtu wa kabila langu alipandishwa lori, na wengine walikaa kambini miaka.

Jumapili Nyapara, aliyekuwa amesikia habari za watoto, akaja kijijini kunijulia hali, amebeba mfuko wa chokaa. Akapita nyuma ya nyumba. Nilisimama mlangoni nikamwona akiziona zile nyanya. Hakuninyooshea kidole. Alijikunja, akang'oa shina moja, akalitikisa udongo, akanusa mizizi. Kisha akang'oa lililofuata, na lililofuata, zote, akachimba shimo na kuzifukia na kumwaga chokaa juu na kwenye shamba lote. Ilimchukua mchana mzima. Aliponawa nilimmiminia maji mikononi, na neno pekee aliloniambia ni nisiache maji ya kunywa bila kuchemsha.

Jumatatu Bwana Afya alitupanga mstari kando ya vitanda. Alikuwa amefuata ugonjwa mpaka shambani kwetu, na kutoka shambani mpaka kwetu kazini. Askari wa lango aliitwa. Akasema, ndiyo, magunia mawili yalitoka, alitoka nayo huyu, na aliambiwa ni ruhusa ya Nyapara.

Bwana Afya akamgeukia Nyapara. Kiswahili chake kilikuwa cha amri lakini siku hiyo alikitumia polepole. Akamuuliza kama ni kweli, au huyu mtu alidanganya na kuiba.

Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Kofia yake ilikuwa mkononi. Nilifungua mdomo, nakumbuka kabisa kwamba niliufungua. Nikamwona Wambui na kile kichwa asichoweza kukinyanyua, nikaliona lori. Nikaufunga.

"Nilitoa mimi," Nyapara akasema. "Nilidhani iko tayari. Nimezeeka, Bwana. Pua imechoka."

Kila mtu kwenye mstari ule alijua pua ile haijachoka. Mutua akatazama chini. Nafikiri hata Bwana Afya alijua, kwa sababu alirudia swali mara ya pili, na mara ya pili jibu likawa lile lile. Basi hakuna lingine ambalo angefanya. Watoto walikuwa wameugua, na mtu amekiri. Nyapara akaambiwa aondoke na arudishe pasi. Alikwenda bombani kwanza, akanawa na sabuni na jivu, mara tatu, kama siku nyingine yoyote. Akatukagua kwa macho kwa mazoea tu. Akapita lango na debe lake mkononi.

Wambui alipona. Ilichukua siku nyingi, lakini alipona. Miezi miwili baadaye mimi nikafanywa nyapara, kwa sababu Mutua hakutaka. Aliniambia hataki kuvaa kofia ya mtu aliye hai. Nikaivaa mimi.

Hapo ndipo hadithi yangu ya kujitengeneza mwenyewe huanzia, pale nilipofanywa nyapara. Watoto wangu wanaijua tangu hapo.

Miaka ikapita. Mji ukakua, nyumba zenye choo cha kuvuta zikaongezeka, viwanda pia, na vitanda vikawa vinajaa kabla ya vilivyomo kukauka. Bwana Afya yule alihamishwa akaja mwingine mwenye haraka. Mimi nilianza vizuri, nikapanga malundo na vigingi. Kisha lundo likakaa mvua moja tu badala ya mbili. Kisha nikaona njia ya malundo inanichosha, nikapakia mkate kutoka kitandani moja kwa moja kwenye lori. Nyanya hazikupata nafasi ya kuota. Nikajiambia ni kwa ajili ya kahawa tu, hakuna anayetafuna kahawa mbichi.

Karibu mwisho wa miaka ile ya hamsini, asubuhi moja nilipanda mbele na dereva kupeleka mzigo kwenye shamba moja la kahawa upande wa Ruiru, ukishavuka mto Theta. Tulielekezwa kwenye malundo ya maganda ya kahawa, ambako mbolea yote hupokelewa. Pale kwenye debe lililopinduliwa alikuwa amekaa mzee, suruali fupi ya kaki imepigwa pasi, imefifia mpaka karibu nyeupe.

Nilishuka. Nikamwambia, "Mzee," nikatoa kiwiko. Alinitazama kofia, kisha uso, kisha akatoa chake. Tukagongana.

Hakuniuliza nimekuja na nini. Alinyanyuka kwa shida, akaenda nyuma ya lori, akachomeka mkono ndani kabisa ya mzigo, akatoa punje, akaisaga, akafumba macho.

"Ya lini hii?"

Nikamwambia ya tangu njahi. Ilikuwa ya wiki tatu. Mungu ananijua, nilidanganya tena pale pale, mtu mzima, kwa urahisi kama kupumua.

Akapangusa vidole kwenye magugu. "Mtoto?"

"Yuko," nikasema. "Ana miaka sita. Mwaka ujao anaanza shule."

"Anakula?"

"Anakula sana, Mzee."

Akatikisa kichwa kukubali, mara mbili tatu, kama mtu aliyengoja habari hiyo kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mistari ya kahawa. Wanawake walikuwa wakipalilia na watoto mgongoni, na pale katikati ya miti walikuwa wamepanda mboga zao za terere na kunde.

"Hii bado inakumbuka," akasema. "Irudishe."

Nilijaribu. Nikamwambia vitanda vimejaa, ofisi haitanielewa, lori ni la kukodi. Alisikiliza yote bila hasira na kurudi kwenye debe lake. Nikabaki nimesimama. Nikasema, "Mzee, siku ile, mbele ya Bwana Afya…"

"Siku ile pua yangu ilikuwa nzima," akasema. "Leo pia ni nzima. Nenda."

Akamwaga ugoro juu ya kifundo cha mkono. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Tulirudi na mzigo wetu. Tulipokaribia Theta dereva, mtu wa maneno mengi, akaanza kuhangaika. Alisema hajawahi kurudisha lori limejaa. Alisema yeye ana watoto, na kazi hii ndiyo anayo. Wakimuuliza ofisini ni nani aliyetoa matope haya kabla ya wakati, aseme nini? Angeweza kusema ni makosa ya wapakiaji. Angeweza kusema Mutua. Alinitazama ili nimchagulie.

Nilivua ile kofia nikaiweka magotini.

"Sema nilitoa mimi," nikamwambia.